Sistimu Ikigoma, Hasara Inabaki Kaunta

Ili muuza vifaa vya ujenzi wa Makutano, mjini Meru, auze kilo moja ya misumari jinsi sheria inavyotaka, vitu vitano lazima viwe macho kwa wakati mmoja: umeme, intaneti, simu yenye laini ya till, simu ya mteja, na mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Misumari yenyewe haina shida. Imo ndani ya katoni tangu juzi.

Kimoja kikilala, duka halifungwi. Kazi inaendelea kwa daftari na kalamu, na gharama huanzia hapo: ankara za kuingizwa upya usiku, malipo ya kuulizia kwa simu, mteja aliyechoka kungoja akavuka barabara hadi kwa jirani. Gharama hizo hazionekani kwenye risiti yoyote. Aliyeuza mtambo hazijui, na aliyeutunga yuko Nairobi au ng'ambo.

Wafanyabiashara wa Meru na Embu wakilalamikia mitambo, watu hudhani ni wazee waliozoea daftari na hawataki mambo mapya. Dhana hiyo haiwatendei haki. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, maeneo haya ya miraa, muguka, majani chai na kahawa yamekuwa yakizungusha pesa kwa simu kila uchao. Ugomvi wao ni mwingine kabisa. Kifaa kikifanya kazi, kila mmoja kwenye mnyororo anapata chake: kampuni ya simu, benki, mwenye programu, serikali. Kikigoma, hasara yote humwangukia mmoja tu, aliyesimama nyuma ya kaunta.

Tuanze na till, maana ndiyo inayoguswa mara nyingi zaidi kwa siku. Lipa na M-Pesa ilizinduliwa 2013, na leo hata muuza ndizi wa Gakoromone ana kibao cha kijani chenye nambari. Simu inayopokea ujumbe wa malipo mara nyingi ni kabambe iliyofungwa kwa mpira ili betri isichomoke, na iko kwenye chaji kutwa. Mteja anaingiza PIN, simu yake inalia, ya duka imenyamaza.

"Boss, pesa imeingia?"

"Bado, mama. Ngoja kidogo."

"Lakini hapa inaonyesha imetoka."

Dakika hizo mbili au tatu ni ndefu kuliko zinavyosikika. Akimwachilia mteja aende, mwenye duka huenda amegawa mali yake bure, kwa sababu matapeli wa ujumbe bandia ni wengi, na ujumbe wao hufanana na wa kweli hadi kwenye nukta. Akimshikilia, amemwaibisha mtu mwaminifu mbele ya foleni. Mambo huwa magumu zaidi pale laini ya till inapokaa na mwenye duka huku kaunta ikiwa mikononi mwa kijana wa kazi. Kijana hana budi kupiga simu kwa kila malipo: "Mzee, umeona elfu moja mia tatu hamsini?" Mzee yuko shambani Nkubu anapulizia kahawa, mikono ina dawa. Dawa ya tatizo hili ipo: programu ya simu ya wafanyabiashara humwezesha mfanyakazi kuona malipo bila kuzigusa pesa. Lakini inataka simu ya kisasa, bando, na mtu wa kuja kuiweka na kuieleza. Wakala aliyeleta kibao cha till alilipwa kwa kusajili. Hana malipo ya kurudi.

Huko Igembe saa ina bei yake. Miraa ikishakatwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, thamani yake huanza kushuka, na ikikaa siku mbili ni takataka. Wafanyabiashara wa Maua na Kangeta walishaona masoko yakifungwa kwa amri: Uingereza ilipiga marufuku Juni 2014, na Somalia ikafunga Machi 2020 hadi Julai 2022. Kwa hiyo ndege ya leo inayobeba miraa haikosekani kwa hiari. Dalali anayenunua kwa wakulima wengi alfajiri anaweza kugonga kikomo cha siku cha kutuma pesa, ambacho ni shilingi 500,000, kabla hajamlipa wa mwisho, huku vijana waliochuma wakitaka ujira wao papo hapo. Muamala ukikwama, gari haliwezi kungoja. Mkulima aidha anaruhusu mzigo uende kwa neno tu, au anabaki na vibunda mkononi. Wengi huruhusu. Mkopo huo hauna riba wala maandishi, na aliyeukopesha ni mkulima.

Nikirudi kwenye ankara, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hasira ina hoja nzito. Mashine za risiti, zile ETR, ziliingia 2005 kwa vuta nikuvute. Kisha kanuni za 2020 zikaleta kizazi kipya, TIMS, chenye uwezo wa kutuma kila ankara kwa KRA. Waliosajiliwa kulipa VAT walipewa mwaka mmoja kuanzia Agosti 2021, na muda ukasogezwa hadi mwisho wa Novemba 2022. Wenye maduka waliotii wakaingia mfukoni wakatoa makumi ya elfu ya shilingi kwa kifaa kimoja. Miezi michache baadaye, Februari 2023, KRA ikazindua eTIMS: programu isiyolipiwa, inayotumika kwa simu au kompyuta. Aliyekaidi akaokoa pesa, aliyetii akabaki na kifaa. Sijui somo gani lingine mwenye duka alitarajiwa kuokota hapo.

Sheria ya Fedha ya 2023 ikapanua wavu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitambuliwi mnunuzi anapopiga hesabu za kodi. Ukisoma haraka, hilo linamhusu mnunuzi. Sokoni lilimhusu muuzaji. Shule ya bweni inayonunua maharagwe na njahi, hoteli inayochukua mayai, mkandarasi anayechukua mbao, wote wakaanza kuuliza, "Una eTIMS?" Asiyekuwa nayo, hata kama hajawahi kufika kiwango cha VAT cha shilingi milioni tano kwa mwaka, akapoteza oda. Mwishoni mwa 2024 sheria ikalegezwa, na mnunuzi sasa anaweza kumtolea ankara muuzaji mdogo aliye chini ya kiwango hicho. Ni nafuu ya kweli, japo muuzaji lazima awe na PIN ya KRA na simu ya kuthibitisha, na hapo tumerudi kwenye kabambe yenye mpira.

Matumizi yenyewe yana miiba. Kila bidhaa hutafutiwa msimbo wake katika orodha ndefu isiyomjua mtu wa mtaani. Duka la misumari, skrubu, valvu na vipande vya bomba lina bidhaa mamia, na kila ukubwa huhesabiwa peke yake. PIN ya mteja ina herufi na tarakimu 11. Ukikosea moja, ankara imeshaenda na haifutiki. Inabidi utoe krediti noti kisha uandike nyingine. Mteja anayengoja mbao zake anakutazama ukifanya haya yote, lori liko nje, injini inanguruma. Na siku mfumo wa KRA wenyewe ukiwa mzito, hasa kuelekea tarehe 20 ya mwezi ambapo ritani za VAT na kodi ya mapato ghafi hufungwa, unabaki ukitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Ritani ikichelewa, faini huja bila kuuliza nani alichelewesha.

Umeme una kinaya chake, na watu wa Embu hawachoki kukisimulia. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako kwenye mipaka ya kaunti yao. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Nyaya nene hupita juu ya mashamba ya Mbeere zikienda kwingine, huku kinyozi wa Kiritiri akimaliza nusu ya kichwa gizani. Taifa zima lilipozimika usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na tena Desemba mwaka huo, Nairobi ililia kwa sauti. Huku, wenye friji za nyama na maziwa walijua la kufanya: jenereta kwa mwenye uwezo, barafu kwa asiye nayo, na bei ya kutupa ifikapo jioni.

Halafu kuna tokeni. Kulikuwa na kisa cha Novemba 2024 kinachostahili kukumbukwa, kwa sababu ni mara chache tatizo la duka la Runyenjes huwa pia tatizo la dunia nzima. Mita za kulipia kabla, za kiwango kinachotumika katika nchi nyingi, huhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingekuwa imerekebishwa ingekataa tokeni zote. Kenya Power ikatangaza kampeni, na mteja akinunua umeme alitumiwa misimbo mitatu ya tarakimu 20 kila mmoja, miwili ya kurekebisha mita na wa tatu wa umeme wenyewe, iingizwe kwa mpangilio. Tarakimu 60 kwenye kibodi kidogo kilichochakaa, na mita nyingi ziko juu ya mlango au nje kwenye mlingoti. Kazi ya kurekebisha mtambo wa kampuni ikafanywa na mteja, akiwa juu ya kiti. Kwa haki lazima tuseme ilifaulu kwa wengi, na ilitangazwa mapema. Ndiyo maana haikuacha machungu kama ya eTIMS.

Kuhusu intaneti sina mengi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 karibu na Afrika Kusini, maduka yenye programu zinazokaa kwenye seva za mbali yalisota, na yale yanayohifadhi hesabu ndani ya kompyuta ya dukani yakaendelea kuuza. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imewapa wenye uwezo njia ya pili. Njia ya pili ni bili ya pili.

Kwenye programu hizo za dukani ndipo anapoingia kijana wa sistimu. Kila mji una wake. Anaingia dukani na kompyuta mpakato, anaonyesha jinsi stoki itakavyohesabiwa yenyewe, jinsi wizi wa wafanyakazi utakavyoisha, anapokea malipo ya kwanza na leseni ya mwaka. Wapo wazuri, wanaopokea simu hata Jumapili. Wapo pia wanaobadilisha laini. Mwaka ukiisha leseni inafunga, na orodha ya bidhaa, bei, na madeni ya wateja inabaki ndani, haitoki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuhamisha taarifa zake binafsi, lakini haikumfikiria mwenye agroveti anayetaka orodha ya mbegu na dawa zake. Kinachomlinda ni mkataba, na mkataba wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mdomo, kwa chai. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja tu, nalo ni iwapo hesabu zote zinaweza kutolewa kwenye faili la kawaida la jedwali, leo, mbele yako. Kijana akianza kuzunguka, jibu umeshapata.

Penye mwanya wa huduma, saiba zimejaa. Ndizo idara halisi ya huduma kwa wateja ya kampuni na mashirika ya serikali huku kwetu. Mkulima aliyeahidiwa ujumbe wa mbolea ya ruzuku na asiupate huanzia hapo kabla ya kwa chifu, na mara nyingi hugundua laini aliyojisajili nayo imeandikwa jina la mwanawe. Mwenye bucha hufungulia ritani yake hapo. Kwa ada ndogo mambo yanakwisha, ila kuna deni lililojificha. Barua pepe ya biashara ilifunguliwa na kijana wa saiba, nywila ziko kwenye daftari lake, pengine na nambari yake ndiyo inayopokea msimbo wa uthibitisho. Kijana akihamia Nairobi, biashara imefungiwa nje ya hesabu zake. Kutoka Maua, kwenda Huduma Centre ya Meru kufungua upya ni nauli na siku nzima ya mauzo.

Na kulalamika? Mahakama ya Madai Madogo hupokea kesi za hadi shilingi milioni moja, na Mamlaka ya Mawasiliano ina dawati la walalamishi. Lakini hasara ya hapa ni 1,200 leo, 400 kesho, mteja mmoja Alhamisi. Hakuna hata moja inayofikia nauli ya kwenda kuishtakia, na zikijumlishwa kwa mwaka zinaweza kula faida ya mwezi mzima.

Kenya Power, pamoja na dhambi zake zote, huchapisha mapema orodha za maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo, kaunti kwa kaunti, kwa tarehe na saa. Mtu wa Ishiara anaweza kusoma akapanga kusaga unga wake Jumanne badala ya Jumatano. Mifumo ya malipo na ya ushuru haina orodha ya namna hiyo ya kaunti. Taarifa zao huwekwa kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii, mara nyingine tatizo likishaanza, na zinahitaji intaneti ndipo zisomwe. Kama kampuni za simu na KRA zingelazimishwa kuchapisha kila mwezi dakika ambazo huduma ilikosekana Meru na Embu, na faini ya ritani ikafutwa yenyewe kwa siku hizo, mwenye duka asingehitaji kumbembeleza mtu. Rekodi za dakika hizo ziko kwenye mitambo yao tayari.