Namba ya Stakabadhi ni Mlinzi wa Mali

Tuseme mkulima wa Mkiwa, pale njia panda ya kwenda Itigi, anakabidhi magunia 10 ya alizeti kwa chama chake. Huandikiwa stakabadhi ya karatasi tatu: moja yake, moja ya mhasibu, na ya tatu hubaki kitabuni. Kinachoziunganisha ni namba. Namba moja ikichapwa mara mbili, stakabadhi mbili zitatolewa na moja tu itaingizwa hesabuni. Hapo jasho la mkulima limeliwa.

Zamani namba zilipigwa kwa mashine ya chuma iliyojisogeza yenyewe. Siku hizi mpiga chapa huziorodhesha katika jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila stakabadhi, na namba hiyo huchapwa kwenye karatasi zote tatu. Aangalie mambo mawili. Kwanza, namba ziingizwe kama maandishi, la sivyo 00125 itageuka 125. Pili, stakabadhi 300 zikichapwa tatu katika kila ukurasa, ukurasa wa kwanza ubebe namba 1, 101 na 201. Rundo likikatwa, mafungu matatu yatafuatana yenyewe.

Mashine za stakabadhi za kielektroniki ziliingia nchini mwaka 2010, lakini vitabu vya mkono havijatoweka. Basi viongozi wa vyama, vikagueni ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuvitumia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye namba mbovu je?