Samaki wa Tangini: Fedha Ianze Wapi?

Tangi la lita 100 lenye samaki kumi wadogo, kila mmoja wa gramu 5, lina gramu 50 tu za samaki. Samaki aliyekwisha kukua hutosheka na chakula cha takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa tangi hilo ni gramu 1 kwa siku, gramu 30 kwa mwezi. Hesabu hii ifanywe kabla ya kushika mfuko wowote dukani.

Mfuko wa kilo moja huonekana nafuu, maana bei ya kila gramu hushuka kadiri mfuko unavyokuwa mkubwa. Lakini samaki wale wataula kwa karibu miaka mitatu. Vitamini C huzidi kupungua mara mfuko unapofunguliwa, na kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam mafuta ya chakula hicho huchacha upesi. Samaki aliyepungukiwa na vitamini hiyo hushikwa na maradhi kwa urahisi, na hapo akiba yote inaishia kwenye dawa. Nunua kinachokwisha ndani ya miezi mitatu, yaani kopo la gramu 100 hivi. Ukiwa na jirani anayefuga, nunueni mfuko mkubwa mgawane.

Makopo ya chakula ya chapa za Tetra na Hikari ni mazuri, ila unalipia pia safari yake kutoka nje. Mimi napendekeza chakula cha sato kinachoelea, kile cha wafugaji wa mabwawa, ukimpata muuzaji anayekubali kukupimia kidogo. Kwa kilo ni rahisi kuliko kopo lolote la samaki wa mapambo. Tafuta chenye protini ya asilimia 30 hivi, kisha uzitwange punje zitoshe midomo midogo. Samaki wa dhahabu waongezee njegere zilizochemshwa na kumenywa.

Mbuna nao wana shida yao. Hawa ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, jamaa wa sato, na wengi wao huishi kwa kukwangua mwani juu ya mawe. Utumbo wao ni mrefu, wa mla majani. Anayewanunulia minyoo myekundu iliyogandishwa, au kuwakatia moyo wa ng'ombe, analipa zaidi ili awadhuru: samaki hukataa kula, tumbo huvimba, na mara nyingi hufa. Mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto ni wa bei ndogo na unawafaa kuliko minyoo hiyo. Minyoo wapewe walaji nyama.

Mkate na ugali viacheni mezani. Vinaoza na kuchafua maji.

Chakula kisicholiwa, pamoja na kinyesi, hugeuka amonia, na amonia huunguza matamvua. Samaki akishadhoofika hivyo, vimelea hupata njia. Kinga ya kwanza basi ni kubadilisha robo ya maji kila wiki. Kwa tangi la lita 100 hizo ni lita 25, dumu moja la lita 20 na robo yake. Maji ya bomba yenye klorini yakae siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi, au uyatilie matone ya kuondoa klorini. Kichujio kisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini ya bomba huua bakteria wanaokula amonia. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita bakteria hao wakae sawa, na kipindi hicho ndicho kinachostahili gharama ya kipimo cha amonia.

Ugonjwa wa madoadoa meupe, unaofanana na punje za chumvi mwilini, hutibiwa kwa chumvi yenyewe. Weka gramu 2 hadi 3 kwa kila lita, kidogo kidogo kwa siku mbili. Lita 100 zinataka gramu 200 hadi 300, ambazo hazimalizi pakiti ya nusu kilo ya jikoni. Endelea kwa siku kumi hadi kumi na nne hata madoa yakitoweka, kwa kuwa chumvi humpata kimelea akiwa anaogelea majini, si akiwa amejificha ndani ya ngozi. Ukibadilisha lita 25, rudisha chumvi ya lita hizo 25 tu. Mimea na kambare wa tangini huvumilia chumvi kidogo tu, hivyo kwao dawa ya chupa ina sababu. Kufungua vidonge vya tetrasaiklini na kuvimwaga majini ni hasara tupu: haviui kimelea huyu, vinaweza kuwaua bakteria wa kichujio, na vinazidisha usugu wa dawa tunazozihitaji sisi wenyewe.

Maradhi mengi huingia na samaki mpya. Ndoo ya lita 20, pampu ndogo ya hewa na kichujio cha sponji kilichokaa kwanza kwenye tangi kubwa vinatosha kumtenga mgeni kwa wiki tatu au nne. Ndoo hiyo itakuhudumia kwa miaka, wakati chupa ya dawa huisha kwa ugonjwa mmoja. Kama mwezi huu una fedha ya kitu kimoja, nunua vifaa hivyo kabla ya kununua samaki mwingine.