Sauti Iliyookolewa, Wazo Lililoanguka

Mtu aliyeondolewa zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, hupumua kwa tundu lililotobolewa sehemu ya chini ya shingo. Hawezi tena kumwita kwa sauti yake mtoto anayecheza uani, na hata kuoga kunataka hadhari maji yasiingie tunduni. Hadi miaka ya 1980, hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya kawaida ya kutibiwa saratani ya zoloto iliyokwisha kukomaa. Waun Ki Hong, daktari mzaliwa wa Korea aliyehamia Marekani mwaka 1970, alitaka ijulikane kwa ushahidi kama gharama hiyo ilikuwa ya lazima. Alianza kazi hiyo Boston, akaiendeleza Houston, katika hospitali ya MD Anderson, tangu 1984 na kwa miaka mingi baadaye. Wengi humsifu kwa dawa na tiba alizozifungulia njia. Kwangu mimi, ukubwa wake uko kwingine: alikubali matumaini yake mwenyewe yapimwe kwa mizani ileile aliyowapimia wengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1991, aliouongoza pamoja na mpasuaji Gregory Wolf, uliwahusu wanajeshi wastaafu 332 wa Marekani. Nusu walipasuliwa kisha wakapigwa mionzi. Nusu nyingine walianza na dawa za saratani, zoloto ikiwa bado mahali pake, na baada ya duru mbili daktari akaangalia uvimbe. Uliponywea, mgonjwa aliendelea na dawa na mionzi. Usiponywea, alipelekwa kwenye kisu. Baada ya miaka 2, asilimia 68 ya kila kundi walikuwa hai, na kati ya walioanza na dawa asilimia 64 walikuwa bado na zoloto yao. Mtu anaweza kuuliza: tiba mpya isiyoongeza hata mgonjwa mmoja aliye hai ina faida gani? Swali hilo linahesabu maiti tu na kumsahau aliyebaki, ambaye anataka kuzungumza na mkewe na kusalimiana na watu sokoni. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la vifaa, maana zoloto haiokolewi kwa njia hii pasipo mashine ya mionzi. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na mgonjwa asiye na uwezo wa kusafiri nje hakuwa na njia hiyo hata kidogo. Lakini hoja hiyo haiupunguzi utafiti. Inazidi kuzibana serikali, kwa kuwa sasa inajulikana wazi mashine inapokosekana mgonjwa anapoteza nini.

Wazo alilolipenda zaidi, hata hivyo, lilikuwa la kuzuia. Moshi wa sigara hupita njia moja: mdomo, koo, mapafu. Ukichoma utando wa njia hiyo mahali pamoja, kuna uwezekano umekwisha kuuharibu kwingine, ndiyo maana aliyepona saratani ya koo huweza baadaye kupata nyingine mpya kabisa kwenye pafu. Hong alijaribu kuitangulia kwa dawa ya jamii ya vitamini A iitwayo aisotretinoini. Mwaka 1990 matokeo yalisisimua: saratani mpya ziliwapata asilimia 4 ya waliomeza dawa, na asilimia 24 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa walikuwa 103 tu, na dawa kwa kipimo kile kikubwa iliwakausha ngozi na midomo. Mwingine angeishia hapo na kuvuna sifa. Yeye na wenzake walipunguza kipimo na kuongeza watu: 1,166 wenye saratani ya mapafu ya hatua ya awali, kisha 1,190 waliotibiwa saratani za kichwa na shingo. Majibu, mwaka 2001 na 2006, yalikuwa hapana mara mbili.

Je, miaka hiyo ilipotea bure? Tazama Finland, ambako wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa katika utafiti mwingine, na mwaka 1994 ikabainika kwamba waliomeza vidonge vya betakarotini, ndugu wa karibu wa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Kidonge kinachoaminika kuwa kinga, kisipopimwa, huuzwa kwa watu wazima wenye afya ambao hawana sababu ya kukishuku. “Hapana” ya Hong imewakinga watu wasiojua kabisa kwamba walikingwa.

Na hakuususia utafiti. Katika jaribio la BATTLE, lililochapishwa mwaka 2011, timu yake haikumpa kila mgonjwa wa mapafu dawa ileile. Iliuliza kwanza uvimbe wa kila mmoja umejengeka vipi. Kwa ajili ya jibu hilo wagonjwa 255, waliokwisha kutibiwa na ugonjwa ukawarudia, walikubali kuchomwa sindano upya ili kipande kibichi cha uvimbe kipimwe, na majibu ya waliotangulia yakasaidia kuamua aliyefuata apewe dawa gani.