Saa ya Baba Inatembea

Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, kwao Mombasa. Alipofariki alituachia saa ya mkononi ya kutia ufunguo, nayo ilikuwa imesimama. Mdogo wangu aliyeko Maskati alisema tuiuze tugawane. Mimi nikaja nayo Uingereza, nikaiweka kwenye droo, ugomvi ukabaki kwenye simu.

Likizo iliyopita niliwapeleka watoto Royal Observatory, Greenwich, zilipo saa za John Harrison, seremala aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza saa. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilipasuka kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1714 Bunge likaahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua wamefika wapi, mashariki au magharibi.

Hesabu yake ni nyepesi. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Baharia akilitazama jua hujua ni saa ngapi pale alipo. Akijua pia ni saa ngapi kwenye bandari aliyotoka, tofauti humwambia yuko wapi. Shida ni kwamba saa za wakati ule zilipoteza majira kwa mawimbi, joto na baridi. Harrison alihangaika miaka mingi na saa kubwa tatu, na mwaka 1759 akamaliza ya nne, yenye upana wa sentimita 13 hivi. Ilipojaribiwa kwenye safari ya Jamaica iliyoanza 1761, kwa siku 81 ilikosea sekunde 5 hivi.

"Baba, mbona hii haitembei?" mwanangu akauliza. Nikamweleza kwamba imesimamishwa makusudi, ili vyuma vyake visilike.

"Na ya babu?"

Sikuwa na jibu.

Wiki iliyofuata nikaipeleka kwa fundi saa. Springi ilikuwa nzima, ila mafuta yalikuwa yameganda. Aliifungua yote, akasafisha kila gurudumu, akatia mafuta mapya kwa ncha ya sindano. Sasa gurudumu la mizani hucheza mara 5 kwa sekunde. Akaniasa nisikubali kasha ling'arishwe wala uso upakwe rangi upya, maana wakusanyaji huthamini saa iliyobaki na hali yake ya asili. Malipo yalizidi bei ya saa yenyewe.

Ndugu msomaji, kama una saa ya mzee wako, usiilazimishe ufunguo ikiwa imekaa miaka bila mafuta. Mpelekee fundi kwanza. Kisha andika ilikuwa ya nani, uwaachie watoto.

Baba popote alipokwenda hakuigeuza, aliiacha kwenye majira ya Mombasa. Nasi tumeiweka hivyo hivyo, mwanangu huitia ufunguo kila asubuhi kabla ya shule.

Mdogo wangu bado hajakubali kwamba nilifanya vyema. Lakini siku hizi akipiga simu, kabla hata ya kuuliza habari za watoto, husema, "Inatembea?"