Mahali pa Shafti ya Msawazo katika Injini za Kupachika za Boti: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Maji ya Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua suala moja la uhandisi ambalo kwa kawaida hugusiwa kwa sentensi mbili na kuachwa: mahali panapofaa kuwekwa shafti ya msawazo ndani ya injini ya kupachika ya boti. Mafundi wengi huiita balansa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shafti hiyo haiondoi mtetemo kwa kuwepo kwake tu. Ikiwekwa mahali pasipofaa, hugeuza mtetemo wa aina moja kuwa wa aina nyingine, na katika injini ya kupachika aina hiyo ya pili huishia mkononi mwa mwendesha boti.

Maji yanayozingatiwa ni ya wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na zote mbili zinapakana na Rwanda kwa Mto Kagera. Kyerwa inapakana pia na Uganda upande wa kaskazini. Mwaka 1876, H. M. Stanley alipoifikisha Ziwa Rwakajunju boti yake iliyobebwa vipande vipande, kisha akaingia nayo Kagera, nguvu iliyoiendesha ilikuwa makasia. Mtumbwi wa kasia haujatoweka huko. Anayeingia kwa injini hulazimika kwenda polepole kwa muda mrefu, kwa kuwa mapito ni membamba, mafunjo huziba njia, na viboko wapo. Mwendo huo wa polepole, ambao mtu angedhani unaipumzisha injini, ndio unaolifanya suala la msawazo kuwa zito, kama itakavyoonekana.

2.0 Chanzo cha mtetemo

Pistoni haizunguki, huenda na kurudi. Kila inapofika mwisho wa mwendo wake husimama na kugeuza mwelekeo, na kani inayoisimamisha lazima itoke mahali fulani. Hutoka kwenye krenkishafti, na krenkishafti huipata kwenye beringi zake, nazo kwenye mwili wa injini. Kani hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko: mizunguko ikiongezeka maradufu, kani huwa mara nne.

Tuchukue injini ya mfano yenye silinda moja. Tungamo la vitu vinavyoenda na kurudi, yaani pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi, liwe kilo 0.4, nusu kipenyo cha krenki kiwe milimita 30, na konrodi iwe na urefu wa milimita 120. Kwa mizunguko 900 kwa dakika, upeo wa kani hiyo ni nyutoni 107 hivi. Kwa mizunguko 5,000, ni takribani nyutoni 3,290, sawa na uzito wa kilo 335 unaosukuma na kuvuta mara 83 kwa sekunde. Ipo pia kani ya daraja la pili inayotokana na mwinamo wa konrodi. Hiyo hujirudia mara mbili katika kila mzunguko, na katika injini yetu ni robo ya ile ya kwanza. Shafti moja inayozunguka kwa kasi ya krenki haiwezi kuigusa.

Jambo linaloitofautisha injini ya kupachika na ya gari ni namna krenkishafti ilivyokaa. Tangu injini ya Ole Evinrude ya mwaka 1909, mpangilio uliozoeleka ni krenkishafti kusimama wima ili ipeleke mzunguko moja kwa moja chini kwenye gia zilizo majini. Silinda, kwa hiyo, hulala, na pistoni huenda mbele na nyuma kwa kufuata urefu wa boti. Msomaji aliyejifunza msawazo wa injini kwa vitabu vya magari anapaswa kuigeuza picha hiyo kichwani kwa nyuzi 90 kabla ya kuendelea.

3.0 Nusu inayoondolewa na nusu inayobaki

Tiba ya kwanza, ambayo kila injini inayo, ni uzani wa kusawazisha uliofinyangwa pamoja na krenkishafti upande usio na pini. Uzani huu huzunguka, ilhali pistoni huenda na kurudi tu, kwa hiyo viwili hivi haviwezi kufutana kikamilifu. Uzani ukitosha kufuta kani yote ya mbele na nyuma, utazaa kani ileile ubavuni. Ndiyo maana wasanifu wengi hukaribia nusu. Matokeo ya kuchagua nusu yanavutia: kinachobaki ni kani yenye ukubwa usiobadilika, nusu ya ile ya awali, inayozunguka kinyume cha krenkishafti. Katika injini yetu hiyo ni nyutoni 1,645 kwa mizunguko 5,000.

Hapa ndipo injini ya kupachika inapodai hesabu yake yenyewe. Kabla ya uzani kuwekwa, kani yote ilikuwa ya mbele na nyuma, na mstari wake ulipita katikati ya mhimili wa usukani. Iliutikisa ubao wa tezi, lakini haikuupindisha mkono wa usukani. Baada ya uzani kuwekwa, kani iliyobaki ina sehemu ya ubavuni. Tuseme krenkishafti iko milimita 150 nyuma ya mhimili wa usukani. Basi sehemu hiyo huzaa momenti yenye upeo wa nyutoni-mita 247 kuzunguka mhimili uleule ambao injini imeachwa huru kuzunguka. Yaani tumeinusuru mbao tukautoa mkono.

4.0 Mahali pa shafti

Shafti ya msawazo huondoa nusu iliyobaki. Ni fimbo yenye uzani wa upande mmoja, inayoendeshwa na gia kwa kasi ileile ya krenkishafti lakini kinyume chake. Kwa injini ya mfano, kilo 0.3 zilizowekwa milimita 20 kutoka katikati ya shafti zinatosha. Jumla ya kani za daraja la kwanza huwa sifuri.

Sifuri hiyo ni ya kani, si ya momenti. Shafti haiwezi kukaa palepale ilipo krenkishafti. Lazima iwe kando. Kani mbili zilizo sawa, zenye mielekeo kinyume, zikiwa kwenye mistari miwili tofauti, huunda jozi ya kani, na jozi hiyo hupindisha. Ukubwa wake ni kani mara umbali kati ya mihimili miwili. Shafti ikiwa milimita 80 kutoka krenkishafti, jozi hiyo hufikia nyutoni-mita 132. Ikisogezwa hadi milimita 50, hushuka hadi 82. Kwa kuwa mihimili yote miwili ni ya wima, jozi hiyo hupindisha kuzunguka wima, yaani kuelekea usukani. Katika gari, jozi hiyohiyo ingeiyumbisha injini juu ya raba zake na dereva asihisi lolote kwenye usukani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ukaribu. Kila milimita inayopunguzwa hupunguza msukosuko wa mkono, na kikomo huwekwa na uzani wa krenkishafti wenyewe, ambao unahitaji nafasi ya kupita. Kanuni ya pili huhusu kimo: kitovu cha uzani wa shafti kiwe usawa mmoja na mstari wa silinda. Kikiwa milimita 40 chini yake, kwa mfano kwa sababu gia ziliwekwa mahali rahisi kwa uundaji, huzaliwa jozi nyingine ya nyutoni-mita 66 inayoinamisha injini mbele, nyuma na kandoni. Hiyo hushindana na vibano vya ubao wa tezi. Katika boti ya mbao hulegeza misumari na kufungua kalafati, na maji huanza kuingia polepole bila mtu kuishuku injini.

Ipo njia ya kuifuta kabisa jozi ya usukani. Shafti zikiwa mbili, kila moja ikiwa na nusu ya uzani, zikizunguka upande mmoja na kuwekwa pande mbili za krenkishafti kwa umbali ulio sawa, momenti zake hufutana. Gharama yake ni gia zaidi, beringi zaidi na kilo zaidi, na injini ya kupachika hubebwa begani kutoka ufukweni hadi nyumbani. Sidhani kama msanifu wa injini ndogo analaumika kwa kuchagua shafti moja iliyokaa karibu.

Kuwa mahali pa shafti ni jambo la kusanifiwa, si la kubahatisha, kulithibitishwa zaidi katika magari. Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, aliweka shafti mbili kwa usawa mmoja chini ya krenkishafti ya injini ya silinda nne ili kufuta kani ya daraja la pili. Mwaka 1975 Mitsubishi walitoa injini yao iliyotenganisha shafti hizo kwa kimo, moja juu na nyingine chini. Kani zilifutwa kama zamani, na tofauti ya kimo ikazaa momenti iliyotumika kupunguza myumbo wa injini. Jozi ambayo sisi tunaihesabu kuwa hasara, wao waliigeuza kuwa faida.

5.0 Silinda zaidi ya moja

Injini za silinda mbili ambazo pistoni zake huenda pamoja hufuata yote yaliyosemwa juu, na kani huwa mara mbili. Zile ambazo pistoni moja huenda mbele nyingine ikirudi ni tofauti. Kani zake za daraja la kwanza hufutana zenyewe. Kinachobaki ni jozi inayoinamisha injini, kwa kuwa silinda moja iko juu ya nyingine. Shafti ya injini ya namna hii ina uzani kwenye ncha zake mbili, ukielekea pande kinyume, nayo hutoa jozi tupu. Jozi tupu ina athari ileile popote iwekwapo katika mwili mmoja. Hapa basi kando au nyuma ni hiari ya msanifu, na kinachohesabiwa ni urefu wa shafti tu. Injini za silinda tatu ziko katika kundi hili.

Katika injini ndogo za mizunguko miwili shafti hii ni adimu, kwa sababu chumba cha krenki hupitisha mchanganyiko wa hewa, petroli na oili na hakina bwawa la oili la kulainisha gia. Huko mzigo huachiwa mpangilio wa pistoni na raba.

6.0 Mwendo wa polepole na karakana

Raba za kushikilia injini hupunguza mtetemo pale tu mitetemo kwa sekunde inapozidi takribani mara 1.4 ya mtetemo wa asili wa injini juu ya raba hizo. Chini ya hapo hazipunguzi. Karibu na mtetemo wa asili huukuza. Mizunguko 900 kwa dakika ni mitetemo 15 kwa sekunde, eneo ambalo raba ngumu au zilizozeeka zinaweza kushindwa. Momenti ya usukani hapo ni ndogo, nyutoni-mita 8 bila shafti na 4.3 kwa shafti iliyo milimita 80, lakini hakuna kinachoikinga. Isitoshe, kiwango cha kimataifa cha ISO 5349 huupa uzito mkubwa zaidi mtetemo wa mkono ulio kati ya 8 na 16 kwa sekunde. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 humtaka mwajiri kuchukua hatua mtetemo unapofikia mita 2.5 kwa sekunde kipeo cha pili kwa siku ya saa nane, na huweka ukomo kuwa 5. Mwendesha boti anayepita kwenye mafunjo ya Kagera asubuhi nzima yuko katika eneo hilohilo la mitetemo.

Baada ya matengenezo, alama za gia za shafti na krenkishafti lazima zikutane. Gia ikiwa na meno 40 na ikakosewa jino moja, yaani nyuzi 9, hubaki kani ya takribani nyutoni 258 kwa mizunguko 5,000, ambayo wengi wataivumilia wakidhani ni uzee wa injini. Ikifungwa kinyume kabisa, kani inayobaki hufikia nyutoni 3,290, mara mbili ya ile ambayo ingekuwepo kama shafti ingetolewa na kuachwa mezani.

Fundi asiifungue injini kabla ya jaribio moja. Injini iwekwe nyutro na mizunguko ipandishwe kidogo. Mtetemo ukitoweka, shafti ya msawazo haihusiki. Rafadha, ambayo kwa sababu ya gia huzunguka takribani nusu ya kasi ya krenkishafti, imepinda au imezongwa na majani.