Mwanao anasoma uchumi? Kazi za fedha haziishii kwenye dirisha la benki

MZAZI anayevusha vitunguu Namanga au vitenge Kasumbalesa hulipa ada ya chuo kwa faida ya safari moja hadi nyingine. Mtoto akikaribia kumaliza shahada ya uchumi, swali la nyumbani huwa moja: ataajiriwa wapi? Wengi hujibu "benki", wakimaanisha dirisha la kuweka na kutoa fedha. Njia ni nyingi zaidi, na baadhi zinapita mpakani penyewe.

Kwanza ifahamike kuwa shahada ya uchumi peke yake haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa fedha. Inamfundisha kijana kwa nini bei hupanda na sarafu hushuka, lakini kufunga hesabu za kampuni na kuchambua mizania ni somo jingine. Anayelenga fedha achukue uhasibu na takwimu angali chuoni, asisubiri mahafali.

Ndani ya benki

Nyuma ya dirisha kuna ofisa mikopo, anayepima kama mkopaji ataweza kulipa. Kuna wanaonunua na kuuza fedha za kigeni, na wanaosimamia vihatarishi. Wapo pia wanaoandaa dhamana ya malipo ili muuzaji wa mbali akubali kupakia mzigo kabla hajalipwa.

Benki nazo zimevuka mipaka. CRDB ya Tanzania ina benki tanzu Burundi na Kongo; KCB na Equity za Kenya zipo Uganda, Rwanda, Tanzania na Kongo. Kijana anayejua Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa ana mtaji ambao wenzake wengi hawana.

Nje ya benki

Kuna saccos, taasisi za mikopo midogo, kampuni za fedha za simu, mifuko ya pensheni na benki kuu. Masoko ya hisa ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali yanahitaji madalali na wachambuzi. Bima nayo ina nafasi: Kadi ya Njano ya COMESA, inayokinga magari yanayovuka mpaka, inatumika hata Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Vyeti na vibali

Kwa uhasibu, cheti kinachoheshimiwa ni CPA, ambacho mitihani yake husimamiwa na NBAA nchini Tanzania na KASNEB nchini Kenya. Kwa uchambuzi wa uwekezaji ni CFA, yenye ngazi 3 za mitihani.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na wahasibu ni miongoni mwa wanataaluma waliotia saini makubaliano ya kutambuana. Hata hivyo, kila nchi ilijipangia ratiba yake ya kufungua soko la ajira. Habari za kibali cha kazi ziulizwe kabla ya kupanda basi.

Daftari la mzazi

Mafunzo ya kwanza yanaweza kuanzia dukani. Chukua mfano huu: umeuza mzigo kwa shilingi 100,000 za Kenya wakati kila moja ni sawa na shilingi 20 za Tanzania. Ukichelewa kubadilisha na kiwango kikashuka hadi 19, umepoteza shilingi 100,000 za Tanzania bila gunia hata moja kuoza.

Mwanafunzi akitumia likizo kuandika mauzo, ushuru, nauli na hasara ya kubadilisha fedha, anapata kitu cha kueleza mbele ya mwajiri. Mzazi naye anapata kumbukumbu ambazo ofisa mikopo huzitaka. Wafanyabiashara wengi wa mpakani hunyimwa mikopo kwa sababu hesabu zao ziko kichwani tu, si kwamba biashara ni mbaya. Anayezijua hesabu hizo tangu utotoni ndiye anayefaa kukaa upande wa pili wa meza, aisome biashara ya mpakani kama ilivyo.