Moshi Juu ya Mto Seine

Mnamo mwaka 1896 mchoraji Camille Pissarro alikaa hotelini kando ya mto Seine mjini Rouen, kaskazini ya Ufaransa. Maradhi ya jicho yalimzuia kufanya kazi nje penye vumbi na upepo, hivyo akachora akiwa nyuma ya kioo cha dirisha. Mwaka uliotangulia rafiki yake Claude Monet alikuwa ameonyesha mjini Paris picha nyingi za kanisa kuu la mji huohuo. Pissarro alivutiwa zaidi na upande mwingine wa mji: magati, shehena, na dohani za kitongoji cha Saint-Sever kilichokuwa ng'ambo ya mto.

Picha mojawapo, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Toronto, nchini Kanada, yaonyesha daraja la chuma la Boieldieu siku ya mvua. Watu na magari ya farasi wanavuka, vyombo vimetia nanga chini, na ng'ambo moshi wa viwanda unachanganyika na mawingu. Je, picha ya namna hii yaweza kumpa mwanasayansi ushahidi wowote juu ya hewa ya wakati ule?

Kwanza yafaa kujua moshi ule ulitoka wapi. Rouen iko kiasi cha kilomita 120 kutoka baharini kwa njia ya mto, lakini maji kujaa na kupwa huonekana hata huko, na kupita hapo mpaka kwenye boma la Poses. Zamani mafungu ya mchanga yaliyohamahama yaliwatisha manahodha. Kuanzia mwaka 1848 kingo za mawe zilijengwa ili kuubana mkondo, nao mkondo wenyewe ukachimba njia yenye kina. Meli kubwa zaidi zikaweza kupanda mto, zikileta makaa ya mawe kutoka Uingereza kwa ajili ya viwanda vya nguo za pamba. Reli ya kutoka Paris ilikuwa imekwisha kufika tangu mwaka 1843. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1888. Kwa hiyo Pissarro alichora kitu kipya kabisa, si magofu ya kale.

Sasa tuutazame mwanga. Chembe zilizo ndogo sana hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Matone ya ukungu, ambayo ni makubwa zaidi, hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na ndiyo sababu ukungu ni mweupe. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili kwa bilauri ya maji, matone machache ya maziwa na tochi: ukitazama kwa ubavuni, maji huelekea buluu, ukiielekea tochi, mwanga huwa wa manjano au mwekundu. Mwanga uliotawanywa huingia machoni pamoja na ule utokao kwenye jengo, na kingo za jengo hilo hufifia.

Mwaka 2023 Anna Lea Albright na Peter Huybers walichapisha uchunguzi wa picha zipatazo 100 za Turner na Monet. Walipima kufifia huko, wakakulinganisha na makadirio ya salfa dayoksaidi iliyotolewa London na Paris. Kadiri uchafu ulivyozidi, ndivyo picha zilivyofifia. Pingamizi lipo, tena lina uzito: macho ya mchoraji huzeeka, na mtindo wa uchoraji hubadilika. Mchoraji si kipimajoto.

Hapo ndipo kazi ya Rouen inapokuwa na thamani ya pekee. Pissarro alilichora daraja lilelile mara kadhaa katika mwaka mmoja: katika mvua, katika ukungu, jua likichwa. Jicho ni moja na kitu ni kimoja. Kilichobadilika zaidi ni hewa na mwanga. Hata hivyo bonde la Seine lina ukungu wake wa asili, na picha peke yake haiwezi kuutenga na moshi. Kwa hilo zahitajika kumbukumbu za hali ya hewa na za makaa yaliyochomwa.

Daraja haliwezi kuulizwa tena. Lilibomolewa kwa baruti mwezi Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakiukaribia mji, na lililopo leo lilikamilika mwaka 1955.